Siku Niliyomrudisha Mapendo

Wiki niliyostaafu, wenzangu wa chumba cha MRI, ile mashine ya picha za sumaku, mliniomba kitu kimoja: niwaandikie namna ninavyomlaza mgonjwa wa titi hata picha zitoke bila kutikisika. Nimekaa sebuleni kwangu hapa Kamukuzi, chai imepoa, na nimegundua kwamba siwezi kuliandika hilo peke yake. Kila nikianza na kitanda na matundu yake mawili, anakuja mwanamke mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale na kulala juu yake. Basi nitaandika yote mawili. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichozungumza naye, na kwa sababu wawili kati yenu mlikulia kambini, na Kiingereza cha ripoti mnakijua kuliko mnavyokipenda.

Kiswahili mimi nilikikuta nyumbani. Babu yangu alitoka Ujiji na mizigo ya chumvi na vitambaa, akafungua duka Mbarara, akaoa Mnyankore aliyesilimu. Ndani ya nyumba ile watoto tulikaripiwa kwa Kiswahili na kubembelezwa kwa Runyankore. Kazini, wagonjwa waliniita Hajati miaka kumi kabla sijaiona Maka, kwa sababu ya mtandio tu. Nilipokwenda kuhiji kweli, hakuna aliyeona tofauti.

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifungiwa gizani. Wakati ule picha za eksirei zilisafishwa kwa mkono katika chumba kisicho na dirisha, chini ya taa nyekundu hafifu, na aliyefungua mlango kabla ya wakati aliharibu kifua cha mtu. Aliyenifungia alikuwa Mzee Karuhanga, mkuu wa chumba kile, ambaye kazi alijifunzia katika hospitali ya jeshi na Kiswahili hukohuko. Nilitoka mle vidole vinanuka siki kwa dawa za kusafishia picha, na siki hiyo ilinifuata mpaka kwenye sahani ya matoke kwa miaka mingi.

Mzee Karuhanga hakunifundisha kwa maneno mengi. Kaseti za filamu zilikuwa mabamba ya chuma, na asubuhi za Mbarara mnazijua. Kabla ya kumwekea kikongwe kaseti mgongoni, mzee aliiingiza kwanza ndani ya koti lake mwenyewe, kifuani, akasimama nayo hivyo akizungumza na mgonjwa habari za ng'ombe wake, mpaka ipate joto. Siku moja aliniona namsukuma bibi mmoja asimame sawa. Akaniita pembeni.

"Wewe napiga picha," akaniambia. "Hapana piga mugonjwa."

Na kulikuwa na jambo jingine. Hakumwachilia mgonjwa aende zake mpaka filamu, ingali ikidondosha maji, ameitazama mwenyewe kwenye mwanga. Nilimwuliza kwa nini asingoje ikauke.

"Yeye natoka mbali," akasema. "Kama picha ni mbaya, nani narudi? Yeye. Miguu ya nani? Yake."

Alistaafu, akarudi kwao Isingiro kulima ndizi, akafa kwa shinikizo la damu. Nilimzika nikiwa na watu wengine wengi ambao aliwahi kuwapiga picha. Kisha miaka ikapita, chumba cha giza kikavunjwa, picha zikaanza kutokea kwenye kioo cha kompyuta, na vidole vyangu vikaacha kunuka.

Nilipofika umri ambao wenzangu walianza kuzungumzia mashamba yao, kituo chetu kikapata mashine ya sumaku. Walionifundisha walikuwa wa umri wa wanangu, nami nilikaa dawati la mbele nikiandika kila kitu daftarini, hata mizaha yao. La kwanza nililoandika ni kwamba sumaku haizimwi. Zima taa, funga mlango, nenda nyumbani. Yenyewe inaendelea kuvuta. Wiki ya kwanza ilimnyang'anya mfagiaji ndoo yake ya bati. Ndoo iliruka ikang'ang'ania kwenye mdomo wa mashine, na mafundi watatu wakaivuta kama watu wanaomtoa ng'ombe kwenye matope. Mfagiaji aliacha kazi mchana huohuo. Sikumlaumu.

Ndiyo maana ipo ile karatasi ya maswali. Una chuma mwilini? Ulishawahi kufanya kazi ya kuchomelea vyuma? Ulishawahi kupigwa risasi? Kipande cha chuma kilichotulia mwilini miaka mingi kinaweza kusogea mbele ya sumaku, na kikiwa karibu na mshipa mkubwa au jicho, balaa. Walioiandika karatasi ile nadhani waliwafikiria watu wenye betri za moyo. Hawakuwafikiria watu wa Nakivale. Kwetu swali la risasi lilijibiwa "ndiyo" na mshona nguo, na mwalimu wa watoto wadogo, na bibi wa miaka sabini.

Sasa kumlaza. Mgonjwa wa titi analala kifudifudi, matiti yakining'inia ndani ya yale matundu mawili, mikono mbele. Tandika kitambaa chenye joto, maana plastiki ile ni baridi. Mwombe ruhusa kabla ya kumgusa, kisha ushushe kila titi kwa mkono wako mpaka ngozi isiwe na mkunjo. Mkunjo mmoja unaharibu picha nzima. Weka mto chini ya miguu. Pamba za masikio, halafu kile kipira mkononi, cha kubonyeza akitaka kutuita. Mwambie kila kelele itachukua dakika ngapi, kwa sababu mtu akijua kelele itakwisha, hatetemeki. Usimwambie "tulia" tu. Anayeogopa hajui kutulia ni kufanya nini. Mwambie apumue kama aliyelala.

Daktari Nuwagaba, ambaye ndiye aliyekuwa akizisoma picha zetu, alinieleza siku za mwanzo kinachotafutwa. Picha za kwanza zinapigwa bila dawa, kisha tunapitisha dawa kwenye mshipa wa mkono na kuendelea kupiga. Uvimbe mbaya mara nyingi huinywa dawa haraka na kuitema haraka. Usio na madhara hunywa polepole na kuishikilia, au haunywi kabisa. "Mara nyingi," alisisitiza, "si mara zote." Palipo na shaka, kipande cha nyama ndicho kinachosema neno la mwisho. Akaniambia pia kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Nililiandika hilo daftarini na kulipigia mstari, nikidhani mstari unatosha.

Mapendo alikuja katika mwaka wa pili wa mashine ile. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mjane, Mkongomani kutoka upande wa Uvira, mkulima wa maharage na mahindi huko Rubondo, Nakivale. Barua ya rufaa aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi la njia ya Kaberebere lisiichafue. Niliisoma. Uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu, kingo zake hazieleweki, ngozi juu yake imevutwa ndani. Ultrasaundi imeshindwa kuamua. Sindano ilichukua majimaji yasiyotosha. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari kuliondoa titi lote. Daktari mwingine aliomba picha ya sumaku kwanza.

Nikamkalisha, nikaanza maswali. Alijibu upesi, kama mwanafunzi aliyejiandaa, mpaka tukafika lile la risasi.

"Ndiyo, Maman Hajati," akasema. Akateremsha kitenge begani akanionyesha kovu. "Hapa, siku tulikimbia."

"Risasi ilitoka?"

"Sijue. Nilizimia. Niliamuka mu hopitali, na banganga bengi balikuwa bamesha kukimbia. Hakuna mutu wa kuuliza."

Kanuni iko wazi: asiyejua haingii mpaka eksirei ionyeshe hana chuma. Hapo sikukosea. Lakini kanuni haisemi ni nani wa kumpeleka eksirei. Nilichukua kalamu, nikaandika juu ya barua yake kwamba arudishwe kwa daktari aliyemtuma aandikiwe picha ya bega na kifua.

"Itabidi urudi na barua nyingine, dada."

"Leo haiwezekane?"

"Leo haiwezekani. Umeme umekatika mara mbili, na kuna watu wanne nyuma yako."

Chumba cha eksirei kilikuwa kinatazamana na chetu. Ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Aliyekuwa zamu mle nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, na ningemwambia neno moja tu angempiga picha hiyo na barua ikafuata baadaye. Wazo hilo halikunijia. Au lilinijia, nikaona ni usumbufu. Siwezi tena kutofautisha.

Mapendo alitazama mlangoni kidogo, kisha akairudisha barua ndani ya plastiki. "Asante, maman," akasema, akaenda zake.

Nilikula chakula cha mchana vizuri siku ile. Ninaliandika kwa sababu ni kweli.

Yaliyotokea baada ya hapo niliyajua baadaye, lakini nitayaweka hapa, mahali yalipotokea. Mapendo alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, Esther. Siku ile ya kukimbia, Mapendo akiwa amelala na jeraha la risasi, mdogo wake wa kike aitwaye Sifa ndiye aliyembeba mtoto akavuka naye mpaka Uganda. Alipofika Nakivale akamwandikisha kwenye kadi yake ya familia, kwa sababu hakuna aliyejua kama Mapendo yu hai. Mapendo alifika mwaka mzima baadaye. Alimchukua mtoto wake, wakaishi wawili katika nyumba yao, lakini kwenye kadi jina la Esther likabaki kwa Sifa. Walikuwa wamepanga kwenda kulihamisha. Mistari ofisini ilikuwa mirefu, shamba lilikuwa linangoja, na kadi haikuwa inamsumbua mtu.

Halafu Sifa akaitwa. Jina lake lilikuwa limepita kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo, na safari ilikuwa ya Kanada, yeye na wote walioandikwa kwenye kadi. Alitakiwa kuthibitisha watu wake. Mapendo angekwenda siku hiyo aseme "huyu ni wangu, anabaki na mimi," na mtoto angebaki.

Wakati huo alikuwa amerudi Rubondo na barua yangu. Kliniki ilimpa siku ya kwenda kwa daktari, daktari akasafiri, akapewa siku nyingine. Ilipofika barua ya eksirei, ilibidi tena kusubiri, kwa sababu picha zote zingepigwa safari moja, na ile ya titi hupigwa vizuri zaidi katika wiki ya pili tangu hedhi, na wiki ile ilipita gari la rufaa likiwa bovu. Miezi mitatu kasoro siku chache. Usiku na mchana uvimbe uko palepale, chini ya mkono wake, mgumu kama kokwa. Na kichwani mwake kulikuwa na jambo moja ambalo sikulijua: hakuelewa kwamba nilimrudisha kwa sababu ya chuma. Alielewa kwamba mashine imemkataa. Kwamba tumeisoma barua, tukaona ugonjwa umeshafika mbali, na hatukutaka kupoteza nafasi kwa mtu anayekufa.

Akawaza nani atamlea Esther. Akamwambia Sifa, "Ende naye." Akamsuka mtoto nywele, akamfulia nguo zote, hata zile zilizokuwa safi. Esther alikuwa na miaka mitano. Basi liliondoka Alhamisi asubuhi.

Wiki mbili na nusu baada ya Alhamisi hiyo, Mapendo akarudi kwetu. Nilimkumbuka kwa ile plastiki. Safari hii nilimpeleka eksirei mwenyewe, nimemshika mkono, sijui kwa nini. Kabla hajamaliza kufunga kitenge, picha ilikuwa kwenye kioo. Bega safi. Kifua safi. Risasi ilipita upande wa pili siku ileile ilipompiga, na tangu hapo hakuwa na chuma chochote mwilini.

Nikamlaza kama nilivyowaeleza. Alilala vizuri kuliko wagonjwa wote niliowahi kuwalaza, na hilo halikunifurahisha. Mtu mwenye hofu hujitikisa. Huyu alilala kama aliyekwisha kukabidhi kila kitu. Kabla sijatoka chumbani aliniuliza, uso ukiwa umeangalia chini:

"Maman, ile picha inaweza kuonyesha nabakia na siku ngapi?"

"Haionyeshi hivyo," nikamwambia. "Inaonyesha uvimbe ni wa namna gani tu."

Nikaenda kwenye kioo. Sisi wapiga picha haturuhusiwi kusema tunachokiona, na ni sawa, kwa sababu hatukusomea kukisema. Lakini macho ni macho. Katika picha za kwanza uvimbe uling'aa kama mafuta ya titi lenyewe yanavyong'aa. Tulipopiga zile zinazozima mafuta, katikati yake pakazimika pamoja na mafuta mengine yote, pakabaki tundu jeusi lenye ukingo mwembamba. Dawa ilipoingia, ukingo ule ulinywa kidogo, polepole, na katikati hapakunywa kitu. Nikamwita Daktari Nuwagaba. Alikaa akizisogeza picha mbele na nyuma.

"Mwulize kama aliwahi kuumia kifuani," akasema.

Nikamwuliza. Mapendo alifikiri. "Siku ya risasi," akasema. "Soda moya, askari, alinipiga na kitako ya bunduki. Hapa hapa. Nilisahau ju ya ile risasi, njo ilikuwa kubwa."

Daktari akatikisa kichwa kuafiki. Pigo linaweza kuua mafuta ndani ya titi, nayo yakifa huacha kidonda ambacho mwili hukizungushia ukuta, na ukuta huo huwa mgumu, huvuta ngozi, hudanganya vidole na ultrasaundi. Alisema atataka kipande kidogo kitolewe kwa sindano nene ili awe na hakika. Kikatolewa wiki ileile. Majibu yalipokuja tulimwita, tukakaa watatu, daktari akazungumza na mimi nikatafsiri.

"Si saratani," nikamwambia Mapendo. "Ni mafuta yaliyokufa. Hayatakuua. Hata kukatwa hukatwi."

Nimewatafsiria wagonjwa habari kama hiyo mara nyingi. Wengine hupiga magoti, wengine huimba, mmoja alimkumbatia daktari mpaka miwani ikaanguka. Mapendo aliuliza:

"Tangu wakati gani?"

"Tangu wakati gani nini?"

"Tangu wakati gani haiko cancer?"

Nikamtafsiria daktari. Akasema, "Mwambie haikuwa hata siku moja."

"Haikuwa hata siku moja," nikasema.

"Hata ile siku ya kwanza nilikuya hapa?"

"Hata ile siku."

Akainama akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilidhani anamshukuru Mungu. Kumbe alikuwa anahesabu. Ndipo akatusimulia habari ya kadi, na ya Sifa, na ya basi la Alhamisi. Hakulia. Alisimulia kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni, hatua kwa hatua, ili asipotee. Daktari Nuwagaba alikuwa ananiangalia akisubiri tafsiri, na mimi nilikuwa nimesahau kutafsiri.

Sikumwambia siku hiyo zile hatua kumi na mbili. Nilimsindikiza hadi nje, nikamwambia maneno ya kidini ambayo mtu husema. Baada ya hapo nilikuwa nikipita mbele ya mlango wa eksirei nikiangalia sakafu.

Baada ya miezi miwili nilikwenda Rubondo. Nilishuka Kaberebere nikanunua sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda msibani, nikapanda bodaboda. Nilimkuta anapepeta maharage mbele ya nyumba, karibu na kanisa lao dogo la mabati. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaingia kuchemsha maji. Ndani niliona godoro la mtoto limeegemezwa ukutani, limefunikwa na kitenge. Aliporudi na chai, nilimwambia kabla sijaionja.

"Mapendo, ile siku ya kwanza ningeweza kukupeleka eksirei mwenyewe. Palepale. Kanuni haikunikataza. Nilichoka, nikakurudisha. Ungejua siku ileile kwamba huna chuma, na picha ungepigwa wiki hiyo."

Aliendelea kuchambua mawe kwenye maharage.

"Niliijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Mi ninajua kusoma, maman. Ile mulango ilikuwa na maandiko. Eksirei. Niliiona wakati uliniambia nirudie." Akalitupa jiwe. "Nilisema mu roho yangu: banaacha kunipeleka pale ju mi niko mukimbizi, ao ju ninakufa. Moya kati ya ile mbili. Sikuwaza kama ni kuchoka."

Hakunifukuza. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Tulichambua maharage mpaka sinia likaisha, akanisindikiza barabarani.

Tukaanza kuandika barua. Yeye alieleza, mimi niliandika kwa Kiingereza, Daktari Nuwagaba akaambatanisha karatasi inayosema mama huyu ni mzima na atalea mtoto wake. Tulipeleka katika ofisi tulizoambiwa, kisha katika nyingine tulizoelekezwa na zile za kwanza. Majibu yalikuwa ya adabu. Mtoto yuko salama na mlezi aliyeandikishwa. Anasoma. Ombi la mama kumfuata limepokelewa na litaangaliwa kwa zamu yake. Zamu hiyo haijafika hadi leo. Sifa si mtu mbaya. Analia kwenye simu kuliko Mapendo. Lakini hawezi kumpakia mtoto ndege na kumrudisha kambini, na hata Mapendo, ukimwuliza kwa utulivu, hajui kama angetaka hivyo.

Kazini nilibadilisha jambo moja, nanyi mmelikuta na kulizoea bila kujua lilikotoka. Mgonjwa akijibu "ndiyo" kwenye swali la risasi au la chuma, anayemhoji anainuka, anampeleka eksirei kwa miguu yake, siku hiyohiyo, kisha barua zinafuata. Pia mnamweleza kwa lugha yake kwa nini hajaingia, na mnamwambia ayarudie maneno yenu kwa mdomo wake, mpaka muhakikishe hakusikia jambo lingine. Wakubwa walinung'unika mwanzoni kwamba foleni inachelewa. Inachelewa kweli. Msiiache desturi hiyo kwa sababu nimeondoka.

Wale waliokuja baada yake walikuwa wengi, na wengi wao walitoka na habari njema: uvimbe wa wasichana unaoteleza chini ya kidole, mifuko ya maji, makovu ya maziwa. Niliwafurahia. Lakini kila niliposikia "si saratani," nilijikuta nawaangalia mikono, nikijiuliza wakati wakisubiri waliachia kitu gani.

Jumapili ya kwanza baada ya kustaafu nilikwenda tena Rubondo. Ibada ilikuwa imekwisha, na Mapendo alikuwa amesimama nyuma ya kanisa, kwenye kale kamwinuko ambako mtandao hushika. Jumapili ndiyo siku yao ya simu. Esther sasa ana miaka minane. Alitokea kwenye kioo cha simu amevaa sweta jekundu, meno mawili ya mbele mapya, makubwa. Kiswahili chake kimeanza kuwa cha mgeni.

"Bonjour, tantine," akasema.

Tantine, yaani shangazi, ni mama yake mzazi; Sifa ndiye anayemwita maman. Mapendo alikwisha kuniambia hilo, lakini kusikia ni jambo lingine.

"Bonjour, mutoto wangu. Unasoma muzuri?"

"Oui. Tantine, maman anasema ulikuwaka mugonjwa sana."

"Hapana. Nilifikiri niko mugonjwa."

"Ulipona?"

"Sikukuwa na kitu."

Nilimwona mtoto anakunja uso, anafikiri kwa bidii kama watoto wanavyofanya.

"Kama hukukuwa na kitu," akauliza, "ju ya nini ulinituma huku?"

Mapendo alinigeukia, na katika miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo mara ya pekee aliyonitazama kama mtu anayedai haki yake. Nikanyoosha mkono, akanipa simu.

"Esther," nikasema.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mpiga picha wa hospitali. Mama yako alikuja kwangu kupigwa picha ili ajue kama anaumwa. Alikuja kwa wakati, wewe ukiwa bado hapa Rubondo. Mimi nikamrudisha nyumbani bila kumpiga. Nilikuwa nimechoka. Akarudi akifikiri anakufa, akataka wewe uwe na mtu wa kukulea. Hakukutuma kwa sababu hakutaka kukaa na wewe. Kosa ni langu."

Niliyasema polepole, nikayarudia kwa maneno mepesi zaidi. Nilisikia mtu akipita nyuma yake, sahani zikigongana, maisha ya nyumba nyingine. Mtoto alinitazama muda mrefu, hapepesi macho, kama anayetaka kuukumbuka uso wangu. Nilimwachia autazame.

Kisha akasema, "Unipe maman yangu."

"Yuko hapo nyumbani, mwite," nikamjibu, nikidhani anamtaka Sifa.

"Hapana," akasema. "Ule wa hapo."

Nikampa Mapendo simu, nikateremka kwenda kungoja barabarani.